Abdulrahman As-Sufi, mwanafalaki aliyefunga kitabu akatazama juu



Ijumaa ya leo tunakusudia kusimulia maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake limewekwa juu ya uso wa mwezi. Upande wa kusini wa mwezi huo kuna shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita 40 linaloitwa Azophi, na hilo si neno jingine ila ni As-Sufi kwa matamshi ya Kilatini. Watu wa mataifa mengine wamemuenzi kiasi hicho, ilhali katika nyumba zetu nyingi hapana mtoto awezaye kumtaja, na hata sisi tulio walimu hatukumjali mpaka siku tulipopatwa na aibu.

Aibu yenyewe ni hii. Kwa miaka mingi tumewafundisha vijana manazili 28 za mwezi, nao wamezihifadhi kwa ghibu: Sharatani, Butaini, Thurayya, Dabarani na kuendelea. Usiku mmoja umeme ulikatika baada ya sala ya Isha, watoto wakatoka uani, mbingu ikawa imejaa nyota kuliko walivyozoea kuiona. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka tisa, akatuuliza Dabarani ni ipi. Tukainua kichwa, tukazungusha macho huku na huko, na hatukuijua. Jina tulikuwa nalo, maana yake tulikuwa nayo, hata i'rabu yake tungeliweza kuieleza. Nyota yenyewe ilikuwa juu ya vichwa vyetu na hatukuijua.

Kumbe zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kulikuwa na watu wa namna yetu, na ni kwa sababu yao As-Sufi (Allah amrehemu) aliandika kitabu chake.

Jina lake kamili ni Abul-Husain Abdulrahman bin Umar As-Sufi. Alizaliwa katika mji wa Rayy, ambao magofu yake leo yako ubavuni mwa Tehran nchini Iran, mwezi 14 Muharram mwaka 291 Hijria, sawa na tarehe 7 Desemba mwaka 903. Utoto wake haukuandikwa sana. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba aliishi katika zama ambazo ukhalifa wa Baghdad ulikuwa umedhoofu na watawala wa ukoo wa Buwaih wakishika hatamu katika nchi za Fursi na Iraki, na kwamba watawala hao, pamoja na vita vyao visivyokwisha, walipenda kukaa na wanachuoni.

Aliyemkaribisha As-Sufi ni Adhud ad-Dawla, aliyeanza kutawala Fars mwaka 949 na makao yake yakawa Shiraz. Wanahistoria wamepokea kwamba mtawala huyu alikuwa akijifakharisha kwa walimu wake watatu. Katika nahau mwalimu wake alikuwa Abu Ali Al-Farisi, ambaye wanafunzi wa Kiarabu wanamjua hadi leo. Katika hesabu za majedwali ya sayari alikuwa Sharif Ibnul A'lam. Na katika kuzijua nyota thabiti na mahali zilipo alikuwa As-Sufi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina funzo la historia: mtu kuweza kusimama uani na kuinyooshea nyota kidole kwa jina lake, hiyo ilihesabiwa kuwa elimu kamili inayokaa safu moja na nahau.

Hapa tunajua msomaji mwingine ameanza kukunja uso. Wazazi wengi wanapoona kijana wao anakesha akitazama nyota huhofia unajimu, ramli na kubashiri bahati za watu. Hofu hiyo ina asili yake, wala hatutaki kuifanyia mzaha. Katika zama za As-Sufi mambo haya mawili yalikaa nyumba moja, na majumba ya watawala yalitaka utabiri kama yalivyotaka kalenda. Lakini kazi iliyomfanya akumbukwe ni ile ya upande wa falaki: nyota iko wapi, ina mwangaza kiasi gani, ina rangi gani, Warumi na Wagiriki waliiitaje na Waarabu waliiitaje. Aya ya 97 ya Suratul An'am imezitaja nyota kuwa ni uongofu wa msafiri katika viza vya bara na bahari, na mtu hawezi kuongozwa na kitu asichokitambua anapokiona.

Turejee kwenye kitabu. Kinaitwa Kitabu Suwar al-Kawakib ath-Thabita, yaani kitabu cha maumbo ya nyota thabiti, nacho alikikamilisha karibu na mwaka 964. Katika utangulizi wake As-Sufi anaeleza kilichomsukuma. Aliwakuta watu wanaojinasibisha na elimu ya nyota wakiwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilifuata njia ya wanafalaki: walichukua majedwali ya vitabu, wakayahamishia kwenye matufe ya shaba, wakachora nyota kwa mujibu wa tarakimu walizozikuta, bila ya kutoka nje kuhakikisha. Mwandishi wa zamani alipokosea herufi moja, nyota ilihama upande wa mbingu, na mchoraji wa tufe hakushtuka kwa sababu hakuwahi kuiona. Kundi la pili lilifuata njia ya Waarabu wa jangwani na elimu yao ya anwaa na manazili, nalo likategemea vitabu vya wapokezi wa mashairi na lugha. Bora kabisa wa kundi hili kwake alikuwa Abu Hanifa Ad-Dinawari, na mwaka 335 Hijria As-Sufi alisafiri hadi Dinawar pamoja na waziri Ibnul Amid. Alimheshimu Ad-Dinawari kwa upana wa mapokezi yake. Hata hivyo alimkosoa kwamba aliyapokea mengi kwa masikio kuliko macho.

Nasi tuliposoma hayo tulijitambua moja kwa moja, kwamba tumo katika kundi la pili, tena mkiani.

Msingi wa As-Sufi ulikuwa Almajisti ya Batlimusi wa Iskandaria, iliyoandikwa karne ya pili Miladia, yenye makundi 48 ya nyota na nyota zaidi ya 1,000. Ni haki tuseme pia alichokiacha. Nafasi za nyota hakuzipima upya zote. Alizichukua za Batlimusi na kuziongezea nyuzi 12 na dakika 42, ili kufidia mwendo wa polepole unaozihamisha nyota zote kwa pamoja karne baada ya karne. Lakini mwangaza wa kila nyota aliuchunguza kwa macho yake. Batlimusi alizipanga nyota katika daraja 6, ya kwanza zikiwa zinazong'aa zaidi na ya sita zikiwa zinazoonekana kwa taabu. As-Sufi alisimama mbele ya kila moja, akailinganisha na jirani zake, na pale alipoona haitoshi daraja ya tatu wala haikushuka hadi ya nne, alisema hivyo. Watafiti wa zama zetu wamevilinganisha vipimo vyake na vile vya vyombo vya kisasa, wakaona kuwa jicho lake lilikuwa la kuaminika mno. Kadhalika aliandika wekundu wa baadhi ya nyota, Dabarani ikiwamo.

Tunaomba msomaji aisimamishe hadithi kidogo hapa, kwa maana mtu anayetaka kuanza uraibu huu pamoja na watoto wake anaweza kuanza hapo hapo alipoanzia As-Sufi, na hahitaji kununua kitu. Usiku wa mwezi Januari, baada ya Isha, tafuteni Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana ambacho wazee wetu walikitumia kujua majira ya kilimo. Hicho ndicho Thurayya ya Waarabu. Nyota nyekundu-manjano inayokifuata kwa nyuma upande wa mashariki ndiyo Dabarani, na maana ya jina lake ni hiyo hiyo, mwenye kufuata nyuma. Kisha ilinganisheni na nyota nyingine zinazong'aa pande hizo. Ipi ina mwangaza zaidi? Ipi ni nyeupe, ipi ya samawati? Andikeni katika daftari pamoja na tarehe. Mtoto anayefanya hivyo kwa mwezi mmoja atakuwa ameijua mbingu kuliko aliyenunuliwa darubini siku ya kwanza akaishia kuitazama nyumba ya jirani.

Masharti ya kazi hii ni mepesi. Macho hutaka karibu nusu saa katika giza kabla ya kuona vizuri, na kutazama simu mara moja huyarudisha mwanzo. Anayehitaji taa na afunike tochi kwa kitambaa chekundu. Mwanga wa mwezi hufifisha nyota hafifu, lakini katika hili familia ya Kiislamu ina kalenda yake tayari: jioni zenye giza ni zile za kuanzia tarehe 20 hivi ya mwezi wa Hijria, mwezi unapochelewa kuchomoza, hadi tarehe 4 au 5 ya mwezi mpya. Wakazi wa miji watapata shida ya taa za barabarani. Kwao tunasema, kwa nusu utani, kwamba kukatika kwa umeme kuna faida yake.

Jambo jingine aliloliacha As-Sufi ni michoro. Kila kundi la nyota alilichora mara mbili, mara moja kama linavyoonekana na mtu aliye ardhini, na mara ya pili kama linavyoonekana juu ya tufe, ambapo kulia huwa kushoto, kwa sababu anayeshika tufe anaitazama mbingu kutoka nje yake. Al-Biruni amepokea kutoka kwa As-Sijzi, naye kutoka kwa As-Sufi mwenyewe, kwamba alikuwa akiweka karatasi nyembamba sana juu ya tufe na kufuatisha mistari na nyota zake. Al-Biruni, ambaye hakuwa mtu wa kupitisha jambo bila kulipima, aliongeza kwamba njia hiyo hukaribia usahihi katika maumbo madogo, na makubwa huyapotosha. Isnadi ya watu watatu kwa ajili ya karatasi ya kufuatishia! Laiti tungekuwa na uangalifu huo katika mambo yetu mengine.

Michoro hii miwili ina maana kubwa kwetu tuishio karibu na ikweta na kusini yake. As-Sufi alitazama kutoka Shiraz, karibu nyuzi 30 kaskazini. Nyota ya Suhaili, ambayo manahodha wa mwambao wetu waliiita Suheli na kuupa upande wa kusini jina hilo hilo, kwake ilipanda nyuzi 8 tu juu ya upeo wa macho kisha ikazama. Mtu wa Dar es Salaam huiona ikipanda nyuzi 44, karibu nusu ya njia ya kufika utosini. As-Sufi aliandika kwamba chini ya Suhaili kuna nyota ambazo watu wa Iraki na Najd hawazioni, wanaziona watu wa Tihama. Sisi tunaziona bila taabu yoyote. Kwa upande wa pili, makundi ya kaskazini ambayo kwake yalipita juu ya kichwa, kwetu yako chini upande wa kaskazini na yamepinduka. Anayechukua ramani ya nyota iliyochapishwa Ulaya na kuishika wima atapotea. Aelekee kaskazini, aigeuze juu chini, naye atayaona mambo yakikaa mahali pake. Programu ya Stellarium, inayopatikana bure, humwonesha mtu mbingu ya mji wake kwa saa anayoitaka, na hilo ni msaada mkubwa kwa anayeanza.

Sasa tufike kwenye jambo lililompa As-Sufi sifa ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Alipokuwa akilipitia kundi la Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, linaloitwa leo Andromeda, alitaja samaki mkubwa ambaye Waarabu walimfikiria mahali hapo, na karibu na samaki huyo akataja doa la wingu. Katika michoro ya kitabu chake vidoto vidogo vimewekwa mdomoni mwa samaki. Batlimusi hakulitaja doa hilo. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza tunayoyajua kuhusu kitu hicho, zaidi ya miaka 600 kabla darubini haijabuniwa. Mjerumani Simon Marius alilitazama kwa darubini mwaka 1612. Mwaka 1888 Isaac Roberts wa Uingereza, ambaye kazi yake ya kumpatia riziki ilikuwa ujenzi na nyota alizifuata kwa mapenzi tu, alilipiga picha kwa kuliachia bamba la kamera likusanye nuru kwa muda mrefu, na picha ikaonesha mikono iliyojizungusha kama ya kimbunga. Kuanzia mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia mabamba ya picha katika mlima Wilson nchini Marekani, alithibitisha kuwa ni galaksi nyingine kabisa iliyo nje ya hii yetu. Nuru yake husafiri kwa takriban miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. As-Sufi aliandika tu kwamba ni wingu dogo, kwa sababu hicho ndicho jicho lake lilichokiona, wala hakuongeza kitu.

Wingu hilo laonekana kutoka kwetu. Katikati ya mwezi Novemba, mnamo saa tatu na nusu usiku, elekea kaskazini. Utaona nyota nne zilizokaa pembe nne kubwa, huyo ndiye Farasi Mkubwa. Kutoka kona yake ya chini kulia, fuata kwenda kulia na chini hadi kwenye nyota yenye mwangaza wa wastani. Waarabu waliiita Batnul Hut, tumbo la samaki, na katika ramani za leo ni Mirach. Kutoka hapo shuka kwenye nyota mbili hafifu zinazofuatana, na karibu na ile ya pili utaona ukungu mdogo mrefu. Usiukodolee macho. Tazama kando yake kidogo, kwa kuwa pembe ya jicho huona hafifu kuliko kati yake. Mawingu ya vuli yatakusumbua, basi jaribu kila usiku unaopata upenyo, na kama uko mjini huenda ikabidi utoke nje ya mji.

Doa hilo halikuwa peke yake. As-Sufi alitaja mawingu mengine mawili ambayo hayamo kwa Batlimusi, na yote mawili yanafaa sana kwa mwenye darubini ndogo ya macho mawili. La kwanza liko kati ya Nasri Tairi na Nasri Waki, zile nyota mbili zing'aazo kaskazini mwezi Agosti, kwenye theluthi ya njia ukianzia Nasri Tairi. Kwa macho matupu ni doa. Kwa darubini linageuka kuwa nyota 10, 6 katika mstari na 4 zilizopinda juu yake, umbo la hanga ya kutundikia nguo. Wenzetu wa Ulaya huliona hanga hilo limepinduka, na kwetu limekaa sawasawa na ndoano yake juu. Vipimo vya setilaiti vimeonesha kuwa nyota hizo hazikuzaliwa pamoja, zimepangana tu machoni petu. La pili liko kusini, katika kundi la Safina, nalo huonekana vizuri jioni za mwezi Machi. Hilo ni kundi la kweli la nyota.

Kuhusu vyombo, tutasema maneno machache. Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, hata ikiwa ya mtumba, ni bora kwa anayeanza kuliko darubini ndefu za dukani zilizoandikwa kwenye boksi kwamba zinakuza mara 500. Kinachotakiwa ni upana wa lenzi ya mbele inayokusanya nuru. Ukuzaji bila nuru huleta kivuli kikubwa kisicho na maana. Na kwa hali yoyote ile, mtoto asielekeze darubini kwenye jua. Hilo hupofusha kwa muda mfupi sana, na jicho lililoungua kwa ndani halirudi.

Vijana wetu wa leo hupenda picha, wala hatuoni ubaya. As-Sufi aliyekuwa akifuatisha kwa karatasi nyembamba asingelikataa kamera. Simu nyingi za siku hizi zina namna ya kupiga picha za usiku: iegemeze kwenye tofali au stendi ya miguu mitatu, weka isubiri sekunde 3 kabla ya kupiga ili mkono usiitikise, na uiache ikusanye nuru kwa sekunde 10. Ukilielekea kundi la Jabbar mwezi Januari utashangaa rangi zilizotoka. Mwenye kamera yenye lenzi ya kubadilisha na aanze na hesabu hii: gawa 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita, jibu ni sekunde unazoweza kuiacha wazi kabla nyota hazijaanza kuwa mistari, kwa maana ardhi inazunguka nyuzi 15 kila saa na kamera imezunguka nayo. Lenzi ya milimita 50 itakupa sekunde 10, na kamera zenye kihisio kidogo hutaka pungufu ya hapo. Sekunde 10 hazitoshi kuonesha wingu la As-Sufi vizuri. Basi piga picha 60 za namna hiyo, kisha tumia programu ya bure kama DeepSkyStacker kuzipanga moja juu ya nyingine, utapata nuru ya dakika 10 katika picha moja. Ndipo utakapoona kwamba kile kidoto cha jicho ni kiini tu, na galaksi yenyewe ina upana wa karibu miezi sita iliyopangwa ubavu kwa ubavu.

As-Sufi aliendelea na kazi Shiraz. Karibu na mwaka 970 alitumia pete kubwa ya kupimia, iliyopewa jina la Adhud ad-Dawla, kupima kadiri njia ya jua inavyoinama. Alimtengenezea mtawala tufe la mbingu la fedha, ambalo miaka mingi baadaye, mwaka 435 Hijria, lilionekana katika maktaba ya Cairo, uzito wake dirhamu 3,000, likiwa limenunuliwa kwa dinari 3,000. Adhud ad-Dawla alifariki mwaka 983. As-Sufi alimfuata tarehe 13 Muharram mwaka 376, sawa na 25 Mei 986, akiwa amepungukiwa siku moja tu kutimiza miaka 85 ya Hijria.

Tufe la fedha limepotea. Kitabu kimebaki. Nasiruddin At-Tusi alikifasiri kwa Kifursi mwaka 1250, na nakala yake iliingia mikononi mwa Ulugh Beg wa Samarkand, mtawala aliyejenga mahali pa kupimia nyota na kukamilisha jedwali lake mwaka 1437; zile nyota za kusini ambazo hazikuonekana Samarkand alizichukua kwa As-Sufi. Mwaka 1874 Hans Schjellerup alikitoa kwa Kifaransa mjini St Petersburg, kwa kuwa wanafalaki wa Ulaya walitaka kujua kama mwangaza wa nyota umebadilika tangu karne ya kumi, na hapakuwa na shahidi wa kuaminika kumshinda yeye.

Nasi tulirudi uani. Dabarani tulimwonesha yule mtoto mwezi Januari, kwa kuchelewa miezi kadhaa. Wingu la Andromeda tulilitafuta Novemba iliyofuata, na usiku mbili za kwanza mawingu ya mvua yalitufukuza. Usiku wa tatu palifunguka upenyo wa kama robo saa, naye akaliona kabla yetu. Tukampa daftari achore. Alimchora samaki akiwa kichwa chini, mdomo umeelekea kwenye mapaa ya nyumba, na vidoto mbele ya mdomo. Tulikuwa na picha ya kitabu mkononi, ambamo samaki ameelekea juu, tukanyoosha kalamu ili tumsahihishe. Kisha tukatazama tena kaskazini, na samaki alikuwa vile vile alivyomchora.